Kibati Kilichobaki Ubaoni

Shemeji yangu hajui kukaa nje. Mkienda kwa watu, yeye ndiye anayebisha hodi. Mkifika dukani, yuko kaunta anauliza bei wakati nyinyi bado mnafunga milango ya gari. Siku aliyokuja kumposa dada yangu aliingia sebuleni kabla ya wazee wake, akakaa pale peke yake, mikono magotini, na baba yetu bado yuko chumbani anatafuta shati. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Kazini walimpa jina la Tangulia, na jina likamganda.

Na mimi niko kazi hiyohiyo. Ni dereva wa gari la zimamoto, na tukifika kwenye moto mimi ndiye ninayesimamia pampu. Yeye ni mkuu wa zamu yetu. Kituoni namwita afande, nyumbani shemeji, na nikikasirika nina majina mengine ambayo dada hapendi watoto wayasikie. Miaka yote hiyo nimemsema kwa mengi: kwamba ana haraka, kwamba anakula amesimama, kwamba akiendesha gari lake abiria wote hufunga breki kwa miguu. Lakini uongozi wake sikuwahi kuutilia shaka. Hakuna aliyeutilia shaka. Sebuleni kwake, kati ya saa ya ukutani na picha ya harusi, imetundikwa nishani ya ushujaa, na dada huing'arisha kwa kitambaa kila akifagia. Shemeji mwenyewe haitazami. Hukaa kiti kinachoipa mgongo. Nilidhani ni unyenyekevu, na nikamsifia hilo pia.

Nishani aliipata siku ya moto wa bohari la magodoro. Wakati haya yanaanza, moto ule ulikuwa umeshakuwa hadithi, na mwenye kuisimulia alikuwa Koti.

Koti ni mwenzetu. Alipoajiriwa alipewa koti la kazi lililomshinda umbo, mikono inaning'inia, akalivaa vilevile bila kulalamika, na jina likapatikana hapohapo. Siku ya magodoro alikwama ndani ya moshi mpaka hewa ya mtungi wake ikaisha, na Tangulia akarudi ndani akamtoa akimburuta. Hakufa. Lakini mapafu yalibaki na hitilafu, sauti ikawa ya kukwaruza, na ngazi za ghorofa moja tu sasa zinamkata pumzi. Alihamishiwa langoni: hupokea simu na kutufungulia geti. Karibu na geti kuna benchi, na hapo ndipo wageni kazini hukalishwa kusubiri. Koti hakuwaacha wakae bure.

"Nilishakata tamaa," alikuwa akiwaambia. "Giza tupu. Mara naona tochi. Nani? Tangulia! Haya niambieni, mkuu gani huyo anayeingia mwenyewe? Wengine wangetuma mtu. Mkuu ni yule anayetangulia. Mengine yote ni kofia tu."

Wageni walitoka pale macho yakiwawaka. Na mimi nikipita na ndoo yangu ya kuoshea gari niliongezea chumvi kidogo.

Sasa, mkuu wa kituo alikuwa anakaribia kustaafu, na kiti chake kilijulikana kingekwenda kwa nani. Sharti lilikuwa moja: Tangulia amalize kozi ya uongozi kwa watu wa usalama wa umma. Akapangwa darasa moja na askari wa usalama barabarani, watu wa magereza na wa magari ya wagonjwa. Mwalimu wao alikuwa mama mfupi, sauti ya chini, aliyewahi kuhudumu kwenye gari la wagonjwa kabla hajashika chaki. Tulimtania sana Tangulia. Tulimnunulia kifutio.

Yeye aliingia kozi kama anavyoingia kila mahali, kwa mbio. Kila jioni alirudi na nadharia mpya, na kila nadharia aliijaribu nyumbani kwake. Siku ya uongozi shirikishi aliitisha kikao cha watoto waamue wenyewe saa ya kulala. Wakaamua wasilale. Siku ya kiongozi mtumishi aliosha vyombo vyote, akavunja bakuli kubwa la dada, na dada akamwomba kwa heshima zote arudie udikteta. Iliyofuata ilikuwa ile ya kiongozi kubadilika kulingana na hali: mtu mgeni wa kazi mwelekeze, anayejua mwachie, na wewe ujue wakati wa kusogea na wakati wa kukaa kando. Hiyo hakuijaribu. Alikuja kwangu kuazima spana, akakaa barazani, akaniuliza:

"Hivi shemeji, wewe umeshawahi kuniona nimekaa kando?"

"Wewe? Hata kwenye picha ya harusi umemziba dada."

Nilitegemea acheke. Alichukua spana akaondoka.

Kozi ilikuwa na zoezi la kujipima. Kila ofisa alijipa alama mwenyewe katika mambo ya uongozi, kisha watu wake walipewa maswali yaleyale wampime bila yeye kuona. Kwetu tuliompima tulikuwa wachache: mimi, Koti, wenzetu wawili, na msaidizi wake Tangulia, mwanamume mpole, fundi wa kufunga vifundo vya ajabu, ambaye tunamwita Kamba. Mimi nilimaliza kabla chai haijapoa. Alama za juu mwanzo mpaka mwisho. Koti aliomba karatasi ya ziada ya maoni.

Yaliyotokea darasani Tangulia alinisimulia baadaye. Mwalimu aliweka majibu yake na yetu sambamba, akapitisha kalamu, akasimama mahali pamoja. Palikuwa na sentensi inayosema: wakati wote wa tukio, anajua kila mtu wake yuko wapi. Sisi sote tulimpa alama ya juu kabisa. Yeye alijipa sifuri.

"Hapa kuna mtu anadanganya," mwalimu akasema. "Ni wewe au ni wao?"

"Hawadanganyi," Tangulia akamjibu. "Hawajui."

Mwalimu hakumchimba. Alimwambia tu kwamba kiongozi akivikwa kilemba cha ukoka na watu wake, wa kukivua ni yeye mwenyewe, maana wao hawakioni. Kisha akampa kazi ya kumalizia kozi: aende akampime msaidizi wake kazini, aone amejifunza nini kutoka kwake.

Inabidi nieleze ubao, maana bila ubao hamtanielewa.

Kila mmoja wetu ana kibati, kipande cha bati chenye jina lake. Ukivaa mtungi wa hewa kuingia kwenye moshi, kibati chako unakiacha nje, kwenye ubao unaosimamishwa karibu na pampu. Ukitoka, unakichukua. Na ubaoni anasimama mtu. Mtu huyo hashiki mpira wa maji, habebi ngazi, hafanyi kitu cha kupigiwa makofi. Anaandika nani kaingia saa ngapi na upande upi, anapiga hesabu ya hewa, na muda ukikaribia anapuliza filimbi watoke. Mitungi nayo ina filimbi yake, ndogo, inayolia yenyewe hewa ikipungua, lakini hiyo humfaa aliye karibu. Filimbi inayokurudisha kwa watoto wako ni ile ya nje.

Kwetu, kwa sababu watu hawatoshi tangu enzi, tulikuwa na mazoea yetu. Vibati vilitundikwa, ndiyo, tena kwa mbwembwe. Lakini moto ukiwa mkali, mtu wa ubaoni aliitwa ndani kusaidia, na ubao ukaachwa ujiangalie. Ilikuwa kawaida yetu na tuliiona ni ushujaa. Vituo vingine vilipoweka mtu akasimama tu pale na filimbi shingoni, tulisema hao wana watu wa mapambo.

Siku ile ya magodoro aliyekuwa ubaoni ni Kamba. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, wa ile sponji inayochuruzika ikiungua. Tangulia alitundika kibati chake kwanza, akaingia na Koti na mwenzao mmoja. Baada ya muda kidogo akachungulia mlangoni, akampungia Kamba mkono, akapiga kelele: "Njoo, mikono haitoshi!" Kamba akaacha kalamu, akatundika kibati chake, akaingia. Mimi nilikuwa kwenye pampu, macho kwenye geji, mgongo kwenye ubao. Kwa mngurumo wa injini ile husikii hata jina lako.

Ndani, Tangulia alimwonyesha Koti kwa mkono stoo ya nyuma, akaangalie kama kuna mpakiaji aliyebaki. Koti akaenda. Moto ukashika upande wa kulia, wote watatu wakauelekea, mpira mzito, maji, kelele. Hewa yao ilipopungua walitoka. Tangulia alivua barakoa, akaanza kugawa vibati: chako hiki, chako hiki, changu hiki. Kikabaki kimoja.

Sisi tuliokuwa nje tulichokiona ni hiki: mkuu wetu ametazama ubao, amenyakua mtungi mwingine, amekimbia kurudi ndani ya moshi peke yake, na ametoka akimburuta mtu. Watu wa mtaa walishangilia. Mimi nililia mkono ukiwa kwenye pampu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini kibati kile kilikaa pale muda wote ule bila kuonwa na mtu.

Mwenye kujiuliza alikuwa mmoja. Dada aliniambia baadaye kwamba tangu siku ile mumewe hawezi kuvumilia birika likipiga mluzi jikoni. Huinuka akalizima.

Basi, siku ya kumpima Kamba. Uwanjani kwetu tuna nyumba ya mazoezi, kuta tupu na madirisha yasiyo na vioo, tunaijaza moshi wa mashine. Ilikuwa asubuhi nzuri, jua la kirafiki. Wageni kazini wamejipanga, Koti ameletewa benchi lake apate kuona, na Tangulia amesimama pembeni akiwa ameshikilia kalamu kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu. Kamba ndiye mkuu wa siku.

Kamba alianza vizuri. Akapanga watu, akaweka mwanamke mmoja mgeni kwenye ubao, akatundika kibati chake kabla ya wote, akaingia nao. Moshi ukaanza kutoka madirishani. Kisha kichwa chake kikatokea mlangoni, mkono ukapunga.

"Njoo, mikono haitoshi!"

Maneno yaleyale. Hata sauti aliikaza vilevile. Yule mwanamke aliacha kalamu, akatundika kibati, akaingia mbio huku anatabasamu, maana ameitwa ndani na mkuu. Ubao ukabaki na vibati vinang'aa juani na hakuna mtu.

Koti kwenye benchi alipiga makofi. "Hao ndio watu!" akasema. "Hao ndio watoto wa Tangulia!"

Nilimwangalia shemeji yangu. Nimemwona kwenye mioto, nimemwona akizika mama yake, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Ulikuwa umesawijika. Aliutazama ubao, akapuliza filimbi, akaendelea kuipuliza hata walipokuwa wameshatoka wote, mpaka nikaenda nikamshika mkono.

Kamba alivua barakoa, jasho linamtiririka, anacheka. "Vipi afande, tumekosea wapi?"

"Nani kakufundisha kumtoa mtu ubaoni?"

Kamba akatazama huku na huku akidhani ni mzaha. "Si wewe?"

Hapo Tangulia angeweza kunyamaza. Angeandika alama zake, kozi ingeisha, kiti angekipata, na mimi ningeendelea kutia chumvi. Naomba mjue kwamba nilitamani anyamaze. Nilishaona anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo, na nilimwangalia Koti pale kwenye benchi, nikasema moyoni, shemeji, usimfanyie hivyo mtu huyu.

Akasema. Alisema bila kupaza sauti, macho chini.

"Siku ya magodoro ubao haukuwa na mtu. Kamba alikuwepo, mimi ndiye niliyemwita ndani. Koti nilimtuma stoo mimi, kwa mkono, wala sikumwambia mtu mwingine yeyote. Halafu nikamsahau. Mnasema nilimwokoa. Mimi nilirudi kuchukua nilichokisahau."

Mgeni mmoja alikohoa. Tangulia akaendelea kwamba mkuu kuingia kwanza si dhambi kama nje kuna mtu, lakini yeye hakuwahi kujali nje kuna nani, alipenda kuonekana ndani, na amepewa nishani kwa hilo. Kuanzia siku hiyo, akasema, mtu wa ubaoni haondoki, hata mkuu akimwita, hata akimfokea.

Koti alijiinua polepole. Aliinama akashika benchi lake kwa ncha moja, akaliburuta kurudi getini, likichora mstari vumbini, akakaa akitupa mgongo.

Yaliyofuata hayakuwa ya kupongezana. Watu husema ukweli humweka mtu huru, labda wengine. Mkuu wa kituo alimwita ofisini akamuuliza nani kamlazimisha kujichafulia jina, tena karibu na kupanda cheo, na barua yake ya cheo ikarudi mezani kusubiri uamuzi wa wakubwa. Kamba alimnunia. Alinifuata mimi nikifunga mipira akasema, "Shemeji yako kanivua nguo mbele ya wageni. Miaka yote hiyo najiona nilikwenda kusaidia, leo naambiwa niliacha zamu." Usiku mimi nami nilijiuliza pampu ile ilikuwa na haja gani na macho yangu yote mawili.

Nyumbani, dada alisimama mbele ya nishani na kitambaa mkononi.

"Niitoe?" akamuuliza mumewe.

"Iache. Ila usiing'arishe tena."

Kilichomuuma zaidi ni Jumapili. Tangu Koti atoke hospitali, kila Jumapili mchana Tangulia alikwenda kwake. Humpelekea machungwa, wanacheza drafti kwa vifuniko vya chupa, wanabishana, anarudi. Hakuwahi kukosa, hata alipokuwa na homa. Baada ya siku ya uwanjani alikwenda kama kawaida. Mke wa Koti akatokea mlangoni, akasimama pale katikati bila kumkaribisha.

"Amelala, shemeji."

"Mchana huu?"

"Amelala."

Na kutoka ndani kikasikika kikohozi cha Koti. Mtu mwenye mapafu yale hawezi kujificha, maskini. Tangulia aliacha machungwa kizingitini akarudi. Jumapili iliyofuata alijibiwa hivyohivyo, na ile nyingine hivyohivyo. Kazini Koti alitufungulia geti, akatupa salamu ya kikazi, akafunga. Benchi lake likawa kimya. Wageni walikaa pale wakitazama viatu vyao.

"Nimemnyang'anya hadithi yake," Tangulia aliniambia siku moja garini. "Alikuwa hana kitu kingine."

"Ungenyamaza," nikamwambia. Nilikuwa na hasira.

"Ningenyamaza, Kamba angekuja kumpoteza mtu. Nimesema, nimempoteza Koti. Unajua mwalimu alituambia nini? Kwamba kiongozi mzuri hupima kabla ya kuamua. Nimepima, shemeji. Inauma huku na huku."

Kisha ukaja moto wa kweli. Jengo la maduka chini na vyumba vya kupanga juu, mchana, barabara imejaa watu. Nilisimamisha gari, nikaunganisha mipira, nikawasha pampu. Tangulia akashuka akiwa amevaa kila kitu. Akautazama mlango. Mguu mmoja ulikwishatangulia, niliuona. Akaurudisha. Akauchukua ubao, akausimamisha mahali ambapo hata mimi kwenye pampu ningeuona, akasimama pembeni yake, filimbi mdomoni.

"Kamba, ngazi ya kushoto. Vyumba vya juu kwanza. Niambie kila unapogeuka."

Kamba alimwangalia kidogo, akatundika kibati, akaingia na watu wake.

Kusimama pale kulimtaabisha kuliko kila kitu alichowahi kufanya. Miguu yake ilikuwa inakanyaga palepale, kama mtoto anayetaka kwenda haja. Jasho lilimtoka kuliko wale walio ndani. Na watu wa mtaani hawakumhurumia.

"Oyaa, mkubwa! Unaogopa kuungua sharubu?"

"Kawatuma watoto wa wenzake, yeye anaandika barua!"

Mama mmoja alimtemea mate karibu na kiatu. Yeye macho yake hayakutoka kwenye vibati. Kamba alipokaa kimya kwenye simu ya upepo, alimwita. Aliposema amepinda kulia, akaandika. Muda ulipofika akapuliza. Walitoka wakinung'unika kwamba moto walikuwa wameushika pazuri, wakachukua vibati vyao kimoja kimoja, ubao ukabaki mtupu, wakabadilisha mitungi na kurudi. Basi. Ningependa kuwaambia kwamba paa liliporomoka walipotoka tu, mkaona faida yake. Halikuporomoka. Moto ulizimika, watu wote wakawa salama, na hakuna aliyempigia makofi. Kabla hawajatoka nilimwona akivigusa vibati kwa kidole, midomo ikihesabu.

Tuliporudi kituoni, geti halikufunguliwa mara moja. Koti alikuja upande wa dirisha langu. Alikuwa anasikiliza mawasiliano yetu yote kule kwenye chumba cha simu. Hiyo ndiyo kazi yake.

"Nani alikuwa ubaoni?" akaniuliza mimi, si mwingine.

Nikamwonyesha kwa kidevu. Tangulia alikuwa ameketi kando yangu, masizi hana hata chembe, kola imemlowa.

Koti akavuta pumzi zake zile za taabu. Alizungumza akiwa anatazama kioo cha gari.

"Siku ile mtungi wangu ulianza kulia. Filimbi ile ndogo. Nikajiambia, tulia, sasa hivi utasikia ya nje. Nikakaa chini nikaisubiri. Nikasubiri. Ndipo nikakumbuka Kamba nilimwona ndani. Na afande yuko ndani. Sasa ya nje apulize nani?"

Tangulia alijikuta ameshika kitasa cha mlango lakini hakufungua.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Toka siku ileile."

"Miaka yote hii unanisifu kwa watu..."

"Ulitaka niseme nini? Ulikuwa unakuja kwangu kila Jumapili. Ningesema, ungekuja kama nani? Kama rafiki, au kama mtu anayelipa deni? Mimi nilitaka mtu wa kucheza naye drafti." Akakohoa muda mrefu, ameegemea mlango wa gari. "Nikaisimulia vile mpaka nikaanza kuiamini. Ilikuwa hadithi nzuri. Wewe ukaja ukaimwaga uwanjani, mbele ya watoto, bila hata kuniuliza. Umetangulia tena."

Akaenda akafungua geti. Niliingiza gari taratibu. Shemeji yangu alikuwa analia bila kujificha, na mimi, mwenye ulimi mrefu, nilimpa kitambaa changu cha kufutia kioo.

Jumapili nilimwendesha mimi, maana alisema hajiamini kwenye usukani. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba ya Koti, mlango wa kijani, msumari mmoja juu ya kitasa ambao mkewe huning'iniza kikapu. Tangulia alishuka na machungwa yake. Alibisha hodi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama. Sijawahi kumwona akibisha kisha akasubiri.

Mke wa Koti akafungua, akamtazama, akageuza kichwa ndani. Sauti ya kukwaruza ikatoka huko.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Kikohozi. Halafu: "Muulize kaja na nani."

"Na shemeji yake, yuko garini."

"Basi mwambie aingie. Lakini kibati aache nje, mtu ajue yuko ndani."

Tangulia akaweka machungwa chini, akapapasa mifuko, akakitoa kibati chake, kile chenye jina lake, kimechakaa kingo. Akaukosa msumari mara ya kwanza. Kilipokaa alinigeukia, kama anaomba ruhusa. Nikamwitikia kwa kichwa, akaingia, na mlango ukafungwa.

Nilikuwa na safari zangu mjini siku hiyo. Sikwenda. Nilizima injini, nikateremsha kioo, nikakaa nikikitazama kibati mpaka alipotoka kukichukua.